Wadudu Wangu Wanapenda Samadi

1

Wanawake wa Gidamur walinipokea kwa kunisifia watoto wao. Hawalii, waliniambia. Unamlaza asubuhi, unakwenda kuchota maji, unarudi unamkuta vile vile, macho juu, kimya. Paskalina, aliyenipa chumba cha uani kwake, alikuwa na mtoto wa kiume aitwaye Basili, na alijigamba kwa majirani kwamba huyu hata njaa hana habari nayo, lazima umwamshe ndipo anyonye. Nilimpakata. Miguu yake ilikuwa ya baridi, ulimi umemjaa mdomoni, na macho yalikuwa na umanjano uliopaswa kuwa umekwisha zamani. Alinitazama bila haraka yoyote. Hapo hapo hasira ikanipanda, na mpaka leo haijashuka.

Mimi si daktari wa watoto. Mimi ni Nakunda Mfinanga, mzaliwa wa Same, na udaktari wangu ni wa viumbe visivyoonekana kwa macho. Lakini nilijua kilichomnyamazisha Basili. Shingoni mwa kila mmoja wetu kuna tezi inayohitaji madini joto ili mwili na ubongo vikue. Ipo chumvi moja inayopita kwenye mlango ule ule wa madini joto, na ikizidi inauziba mlango, madini joto yanabaki nje. Mama anakunywa maji ya kisima, chumvi inaingia kwenye maziwa yake, mtoto ananyonya. Mtoto wa namna hiyo halii kwa sababu hana nguvu za kulia. Jina la chumvi hiyo ni perkloreti, na ndiyo inayobeba oksijeni ndani ya mafuta makavu ya roketi.

Roketi zilirushwa kutoka Uyui, magharibi yetu, zikielekea baharini. Kila Ijumaa king'ora kililia, tukaingia wote kwenye mahandaki ya zege yaliyojengwa na Kampuni ya Upeo, sisi na mbuzi na redio zetu, tukasubiri. Roketi ikifika juu ya bonde letu iliziachia injini zake za pembeni, zilizokwisha kazi, nazo zikaanguka uwandani kwa kishindo kilichotikisa meno. Watu wa Gidamur waliziita magunzi, kwa kuwa zilikuwa zimekwisha kupukuchuliwa. Kisha vijana wa kijiji walioajiriwa na Upeo walipanda magari kwenda kuyaokota. Leseni ilidai hivyo: gunzi lisipookotwa kabla ya jua kutua, roketi inayofuata hairuki.

Kuokota ni rahisi kusema. Ndani ya kila gunzi palibaki mafuta yasiyoungua, yameganda ukutani kama ukoko kwenye sufuria, na gunzi likipasuka ukoko unamwagika. Mvua ikinyesha unayeyuka na kushuka visimani. Perkloreti haiozi kwa jua. Mchanga hauichuji, na ukichemsha maji unaizidishia ukali tu, kwa sababu maji yanapungua na yenyewe inabaki. Usipoigusa itamsubiri Basili mpaka awe babu.

Kitu pekee kinachoimaliza ni kiumbe hai, na hapo ndipo nilipoingia mimi.

Nililea bakteria wangu kutoka kwenye tope la bwawa moja, nikawaita walaji, ingawa kwa haki ningewaita wapumuaji. Wanyime hewa, wape siki kidogo ya kula, nao wataivuta perkloreti kama wewe unavyovuta hewa, na wakimaliza wanaacha kloraidi, ile ile iliyomo kwenye chumvi ya mezani. Ni viumbe vizuri sana. Nawapenda kuliko ndugu zangu kadhaa. Upeo waliwanyunyizia kwenye kiwanja cha majaribio walichokizungushia uzio, na baada ya muda udongo ukapimwa, ukakutwa safi. Kwa matokeo hayo Mamlaka ya Anga ikawapa leseni ya kuangusha magunzi juu ya watu, kwa sharti kwamba walaji wafanye kazi.

Kiwanjani walifanya kazi. Kwenye visima vya Gidamur hawakufanya chochote. Nilikuja kutafuta kwa nini.

2

Sababu ilikuwa chini ya viatu vyangu. Ng'ombe wa Wabarbaig, wenyeji wa Gidamur, wanakunywa kisimani, na wakinywa wanakojoa na kunya pale pale, tangu mababu wa mababu zao walipochimba visima vile kwa mikono. Samadi ikioza inatoa naitreti, chumvi nyingine ambayo walaji wanaweza kuivuta, na ndani ya uzio wa kile kiwanja ng'ombe hawakuingia. Nilichukua maji ya mvua, nikayatia perkloreti, nikayagawa kwenye chupa mbili pamoja na walaji na siki, na katika moja nikaongeza maji ya samadi. Chupa isiyo na samadi, perkloreti ilikwisha. Yenye samadi, walaji walineemeka, wakazaana, wakaivuta naitreti yote kwa raha zao, siki ikawaishia, na perkloreti hawakuigusa. Ukimwekea mtu pilau na ugali wa jana mezani, hulaumu kwa nini ugali umebaki.

Nilikwenda kumwambia Injinia Rweyongeza, aliyekuwa mkuu wa Upeo bondeni. Alikuwa mtu wa kuvutia, mpole wa sauti, Kiswahili chake kimenyooka, na ofisini kwake kwenye kontena jeupe palikuwa na baridi ya kukufanya utamani sweta. Alinimiminia chai yeye mwenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, na nilipomaliza nikaona uso wake unang'aa, nikadhani amefurahi kwa sababu tatizo limejulikana.

"Kwa hiyo si sisi," alisema. "Ni ng'ombe."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Alinieleza, kwa upole ule ule, kwamba leseni mpya itajadiliwa kijijini mbele ya Mkuu wa Wilaya na wakaguzi wa Mamlaka, na kwamba mimi nitasimama kama mtaalamu na kusema nilichokigundua: samadi ya ng'ombe inazuia kusafishwa kwa maji. Baada ya hapo mifugo na wenye mifugo watahamishiwa upande wa pili wa kilima, kwa muda tu, wadudu wafanye kazi yao kwa utulivu. Bonde likishakuwa tupu, roketi zitaruka kila siku badala ya kila wiki. Na magari ya maji safi yameshapatikana, yanasubiri mkutano uishe.

Nilimwambia kuna njia nyingine, na naye aliijua, kwani niliiandika kwenye makala zangu zote. Walaji wakipewa chakula cha kutosha wanaimaliza naitreti, kisha kwa kukosa cha kuvuta wanaigeukia perkloreti. Kinachotakiwa ni siki nyingi, au molasesi, kila kisima, kwa muda wote magunzi yanapoanguka. Visima vitakuwa safi na ng'ombe wakiwa wamesimama pale pale. Akasema wamelipigia hesabu jambo hilo na wahasibu wamelikataa. Akazungusha kikombe chake.

"Halafu hawa akina mama wana maziwa mgando mengi sana," alisema. "Yale maji yake hayafai?"

Yanafaa. Maji ya maziwa mgando yana kila kitu walaji wanachokitaka, na hilo pia niliwahi kuliandika mimi, kwa ujinga wa kufikiri kwamba viwanda ndivyo vitakavyolisoma. Alisema wanawake wachangie vibuyu kadhaa kila wiki, na kampuni ingeita zoezi hilo ushirikishwaji wa jamii. Nilisimama. Nilikitua kikombe kwa kishindo mpaka chai ikamwagika kwenye meza yake nzuri, na sikuipangusa. Nilimwambia anataka wanawake wamwage chakula cha watoto wao ili kuosha uchafu wake.

"Si uchafu wangu, Daktari," alijibu. "Ni uchafu wa maendeleo."

Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliponiita. Hakupandisha sauti.

"Nikuulize, dada yangu. Hiyo habari ya samadi ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli."

"Basi sikuombi useme uongo. Nakuomba useme kweli, halafu ukae."

3

Watu wengi wakisikia habari hii huniuliza kwa nini sikwenda moja kwa moja kuwatafutia watoto dawa. Nilikwenda. Nilimchukua Paskalina na Basili hadi hospitali ya Katesh, damu ikapimwa, muuguzi akanitazama mimi na kumtazama mtoto, akauliza kwa nini tumechelewa. Tangu siku hiyo Basili alipewa kidonge kilichosagwa katika kijiko cha maziwa ya mama yake kila asubuhi, na kliniki ikaanza kuwaita wengine. Lakini dawa ile ni ya kuziba pengo. Kumpa mtoto kidonge asubuhi na kumrudisha kwenye maji yale yale mchana ni sawa na kumfuta mtu jasho huku umemweka jikoni. Kilichotakiwa ni visima, visafishwe, vikiwa bado vya wenyewe.

Na hapo ndipo nilipokwama. Nikisema ile kweli fupi ya Rweyongeza, watu watakunywa maji safi ya magari kesho yake, na watapoteza visima vyao milele, maana nchi hii inajua "kwa muda tu" ina urefu gani. Nisiposema, magari hayaji, na ataletwa mtaalamu mwingine aisome kweli hiyo kwa sauti nzuri kuliko yangu. Sikuwa na uongo wa kuukataa. Uongo ni rahisi kuukataa.

Nilimweleza Paskalina yote, na ya samadi pia, nikitegemea anitoe chumbani kwake. Alimfunga Basili mgongoni. Kisha akasema hili ni la wanawake, akanipeleka kwa Bibi Udamara.

Bibi Udamara ndiye aliyeongoza baraza la wanawake. Wabarbaig wanalo baraza hilo tangu zamani, na mwanamume haruhusiwi kulisogelea hata awe nani. Mwanamume akimkosea mwanamke katika mambo ya uzazi au ya nyumba yake, wanawake wanakaa, wanalisema kosa, wanamtoza fahali mweusi. Bibi Udamara alikuwa mfupi, mkali, mwenye kicheko cha ghafla, na simu yake ilikuwa mpya kuliko yangu. Nilimwamkia, akaitikia, akaniambia nikae chini nisimsimamie kama askari.

Walikaa kwenye mteremko wa kilima, wanawake wengi, baadhi wamevaa sketi zao za ngozi. Mimi si wa kabila lao, nikaketi pembeni kama shahidi. Nilieleza tena, Paskalina akitafsiri. Nilipofika kwenye chupa mbili, mwanamke mmoja akaangua kicheko, akasema wadudu wangu wana akili, hata yeye angechagua samadi. Wote wakacheka, nami nikacheka, mara ya kwanza tangu nifike. Kisha Paskalina akaacha kutafsiri, akasema yake mwenyewe, kwa Kiswahili, akinitazama mimi kana kwamba nilikuwa kontena jeupe.

"Ng'ombe walikuwepo na watoto wakalia," alisema. "Mimi nililia. Mama yangu alilia. Samadi ilikuwepo. Leo nimemsifu mwanangu kwa ugonjwa."

Hakuna aliyecheka tena.

Mjadala ulikuwa mrefu na sikuuelewa wote. Shida yao ilikuwa kwamba baraza linamtoza mwanamume, na kampuni si mwanamume. Bibi Udamara akaikata shida hiyo kwa kuuliza ni nani kati ya watu wa Upeo anayelala bondeni, anayekula nyama ya bonde, na kutoa amri magunzi yaanguke. Jina likatajwa. Kosa likatajwa pia, nalo nilitafsiriwa neno kwa neno: kutia chumvi katika maziwa ya wanawake wanaonyonyesha. Adhabu, fahali mweusi.

Niliuliza, kwa uangalifu, kama fahali mmoja ni adhabu kwa kampuni inayonunua roketi. Bibi Udamara alinitazama kwa huruma.

"Mwanangu, sisi hatuna njaa ya nyama," alisema. "Mtu akibisha, halipi, nasi tunaendelea kumsema. Akilipa, amekubali kosa. Hawezi kulikana tena, hawezi kulirudia, na anayemsaidia kulirudia anatozwa naye."

Kisha akanikumbusha jambo nililowahi kulisikia redioni bila kulijali. Tangu ilipopita sheria ya mabaraza ya mila, kukiri kwa namna hiyo mbele ya Mkuu wa Wilaya kuna uzito wa kukiri mahakamani. Yeye mwenyewe aliwahi kuitumia. Mwanamume mmoja alikodisha shamba la mkewe kwa wakulima wa alizeti, akatozwa, akalipa, baadaye akaleta wakili wa kukana. Baraza la ardhi halikutaka hata kumsikiliza wakili. Mteja wako alilipa fahali, waliambiwa, nendeni nyumbani.

4

Wanawake walikwenda wenyewe kwenye geti la Upeo na fimbo zao mkononi, wakalisema kosa lote kwa sauti, kwa Kibarbaig, mara kadhaa, kama desturi inavyotaka. Nilikuwa ndani ya uzio, nikiwakagua walaji kwenye matangi. Rweyongeza alitokeza mlangoni na kikombe chake, akamuuliza mlinzi wanataka nini. Mlinzi alikuwa kijana wa pale, na mama yake alikuwa mstari wa mbele.

"Wanataka fahali mweusi, mkuu," alisema.

Rweyongeza akauliza bei ya fahali, akajibiwa. Nilisubiri aulize fahali ni wa nini. Hakuuliza. Alitikisa kichwa, akatabasamu, akarudi kwenye baridi yake.

Baadaye aliniita. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeokota pesa. Wakaguzi wa Mamlaka walikuwa na wasiwasi kuhusu uhusiano wa kampuni na wanakijiji, na sasa wanawake wenyewe wameleta nafasi. Angemkabidhi fahali kwa mkono wake, mbele ya Mkuu wa Wilaya, kamera zikiwepo, watu wapige vigelegele, halafu mimi nisimame na habari yangu ya samadi. Alikuwa ameshaagiza fahali. Kilichobaki ni jambo dogo tu.

"Wewe umekaa nao, Daktari. Nikilipa, haya maneno yanakwisha?"

Nataka nieleze vizuri nilichokihisi, kwa sababu nimeulizwa sana. Jibu zima lilikuwepo mdomoni mwangu. Ningeweza kusema: Injinia, usilipe kabla hujajua unalipia nini. Ningemwambia hata adui yangu, siku nyingine. Nilisoma miaka mingi ili nijifunze kutokuficha nusu ya matokeo. Hiyo ndiyo dini yangu, kama ninayo. Na niliona kabisa kwamba nikinyamaza nitakuwa nimefanya kile kile alichoniomba nifanye kwa wanakijiji. Nilikumbuka ulimi wa Basili. Nilikumbuka chai juu ya meza na maneno "uchafu wa maendeleo". Nilikumbuka pia kwamba ana watafsiri wa bure, kuanzia mlinzi mpaka mpishi, na hakumuuliza hata mmoja wao wanawake wale walisema nini.

"Ukilipa," nilisema, "hawatabishana na wewe tena."

"Safi," akasema.

Nilitoka nje. Sikujivunia, wala sikurudi kumwambia mengine.

5

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule. Mkuu wa Wilaya alikaa katikati chini ya turubai, wakaguzi wa Mamlaka kushoto kwake, Rweyongeza kulia. Vijana wa magunzi walisimama nyuma na sare zao za rangi ya machungwa. Bibi Udamara na baraza lake walikaa chini, mbele kabisa, juani, wamekataa viti. Paskalina alikuwa kando yao na Basili mgongoni. Mpiga picha wa Upeo alizunguka akituomba tutabasamu.

Fahali aliletwa kwa lori. Alikuwa mnyama mkubwa, mweusi tii, na Upeo walikuwa wamemfunga utepe wa bluu wa kampuni shingoni. Rweyongeza alivua koti, akaishika kamba mwenyewe, akamvuta mpaka mbele ya wanawake, kwa ujasiri ambao lazima nimpe haki yake, kwani mnyama hakupenda. Alisema machache kwenye kipaza sauti kuhusu kuheshimu mila. Bibi Udamara alisimama, akauliza jambo kwa Kibarbaig. Mtafsiri wa wilaya akalirudia kwa Kiswahili: mama anauliza, fahali huyu unamlipa wewe, kwa mkono wako, bila kulazimishwa?

"Kwa mkono wangu," alisema Rweyongeza, akigeukia kamera, "na kwa moyo mmoja."

Bibi Udamara akaipokea kamba. Kwanza akafungua ule utepe wa bluu, akamrudishia. Kisha akamgeukia Mkuu wa Wilaya na kusema kwa Kiswahili, polepole, Kiswahili ambacho Rweyongeza hakujua kuwa anacho.

"Umesikia, mheshimiwa. Amelipa. Amekubali kwamba alitia chumvi katika maziwa ya wanawake wanaonyonyesha. Hatakana, na hatarudia."

Vigelegele vilipigwa, kama Rweyongeza alivyotaka. Tabasamu lake lilibaki usoni muda mrefu kidogo kuliko lilivyopaswa. Mkuu wa Wilaya aliinama kumnong'oneza katibu wake, katibu akatikisa kichwa kukubali, na mkaguzi mmoja wa Mamlaka akaacha kuandika, akaweka kalamu mezani, akamtazama Rweyongeza kana kwamba ndiyo kwanza amemwona. Rweyongeza akarudi kwenye kipaza sauti. Alisema kuna kutoelewana kidogo, kwamba ile ilikuwa zawadi tu. Mtafsiri akatafsiri neno zawadi, na wanawake wakaguna wote kwa pamoja. Akasema mtaalamu yupo, Daktari Nakunda, ataeleza chanzo halisi cha matatizo ya maji. Akaninyooshea mkono.

Nilisimama. Nilisema samadi ya ng'ombe inawafanya wadudu wangu waache perkloreti, na hiyo ni kweli. Sikukaa. Nilisema perkloreti hiyo inatoka kwenye magunzi na si penginepo. Nilisema wadudu wakilishwa vya kutosha wanamaliza vyote viwili, ng'ombe wakiwepo, na kwamba kampuni inajua, na imekataa gharama, na badala yake imependekeza maziwa ya akina mama hawa. Nilimtaja Basili na nilitaja damu yake. Niliendelea mpaka nikamaliza.

Kilichofuata hakikupangwa na mtu, angalau si na mimi. Kijana mmoja wa magunzi, dereva wa gari la kwanza, alipita katikati ya watu, akaweka ufunguo wa gari juu ya meza ya Mkuu wa Wilaya. Mama yake alikuwa amekaa na wanawake wa baraza, na kijana alijua kinachompata anayesaidia kosa lililokwisha kulipiwa. Nyuma yake akaja mwingine, na mwingine. Walivua na makoti ya machungwa. Magunzi yasipookotwa, roketi hairuki. Hayo yaliandikwa na Upeo wenyewe, kwenye leseni yao wenyewe. Mkaguzi wa Mamlaka alisema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba anasimamisha safari ya Ijumaa, na zote zitakazofuata, mpaka hapo visima vitakapopimwa na walaji kulishwa kwa gharama ya aliyekiri.

Rweyongeza alinifuata nilipokuwa nakunywa maji ya chupa kando ya lori. Alikuwa bado ameushika ule utepe. Sauti yake ilikuwa ya upole bado, nadhani hakuwa na nyingine.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Nilikuuliza, Nakunda. Nilikuuliza wewe, nikakuamini."

"Ndiyo. Nikakwambia kweli," nilisema, "halafu nikakaa."

Alifungua mdomo kunijibu, lakini hatukusikilizana. Pale mbele, fahali alikuwa ameanza kuvutana na wanawake, watu wamesimama, vumbi limetimka, na Basili, mgongoni kwa mama yake, alikuwa ameamka. Alikunja uso. Alivuta pumzi kwa muda mrefu, nikaogopa, kisha akalia. Kilikuwa kilio kibaya, cha kukwaruza, chenye hasira ya mtu aliyenyamazishwa tangu kuzaliwa, na kilipita juu ya kipaza sauti, juu ya vigelegele, mpaka Mkuu wa Wilaya akageuka kutazama. Paskalina alimfungua, akampakata mbele yake, akasimama naye wima ili watu wamsikie vizuri. Hakuna aliyembembeleza.